Mchezo wa Wakorea Nyuma ya Kiti Changu

Wakala wa kazi aliniambia kwamba kutoka Riyadh hadi Jeddah ni kama kutoka Nairobi hadi Thika. Nilimwamini. Yeye alikuwa na tai na ofisi ya ghorofani, mimi nilikuwa na leseni ya lori na darasa la nne ambalo sikulimaliza. Mke wangu alikuwa ametangulia Jeddah, kazi ya nyumbani, nami nikafikiri nikipata Riyadh nitakuwa namtembelea kila Ijumaa. Hata nilibeba viatu vyake vya kanisani kwenye begi, nimpelekee wiki ya kwanza.

Ni safari ya kuondoka alfajiri na kufika giza limeingia, na njia yote ni mchanga na vituo vya petroli. Na hata ingekuwa Thika, nisingefika. Kule mfanyakazi yuko chini ya kafili, yaani yule mwajiri aliyemleta nchini. Bila yeye kukuachilia huhami kazi wala mji. Mke wangu alikuwa na kafili wake, mimi nilikuwa na wangu. Watu wazima wawili, tumezaa, tumejenga, kila mmoja amewekwa kwa mwenyewe kama mbuzi wa kufugiwa na jirani.

Kwa hiyo nilikuwa na neno moja tu kule: nihamie Jeddah. Ile miaka vijana wetu walikuwa wanamiminika Saudia na kila mmoja ana lake, wa kujenga, wa kukimbia kesi, wa kuonyesha majirani. Langu lilikuwa hilo.

Bosi wangu alikuwa na umri wa mdogo wangu wa mwisho, nami nilimwita baba. Ndivyo tunavyosema kule, mwanamume ni baba na mwanamke ni madam, hata kama umewazidi mvi. Nyumba ilikuwa Malaz, mtaa wa Riyadh, na chumba changu kilikuwa kando ya geti. Kazi haikuwa kumwendesha yeye. Ilikuwa kumwendesha mamake, ambaye wote tulimwita hajja. Figo za hajja zilikuwa zimekufa. Siku tatu kwa wiki nilimpeleka hospitali akasafishwe damu kwa mashine, pamoja na mjukuu wake wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shule. Hospitali ilikuwa upande mwingine wa mji na foleni ya Riyadh haina huruma. Tulikaa ndani ya lile gari kuliko watu wengine wanavyokaa sebuleni.

Dereva wa wanawake kule ana adabu zake. Kile kioo cha katikati nilikigeuza kiangalie dari siku ya kwanza, kabla sijaambiwa. Unaendesha kwa vioo vya kando. Walio nyuma yako unawajua kwa sauti tu.

Mara ya kwanza nilisikia farasi. Niko kwenye foleni, nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto, hakuna farasi. Halafu mwanamke akaanza kulia kwa lugha ya kukatikakatika, kama mtu anayepasua kuni ndogo. Halafu nikasikia yule binti anasoma.

Alikuwa ameweka tableti kati yao. Ulikuwa mchezo wa televisheni wa Wakorea wa zamani, wa wafalme, unaoendelea kila wiki. Wanasema Kikorea, na chini yanapita maandishi ya Kiarabu. Hajja hakusoma shule hata siku moja, na macho yake yalikuwa yanaisha kwa sukari. Kwa hiyo binti alimsomea kila mstari, na hakusoma kama ulivyoandikwa, aliuvunja ukawa Kiarabu cha jikoni. Kiarabu cha jikoni mimi nilikijua. Nilikiokota kwa masikio, kama nilivyookota lugha zote ninazojua, na ni nyingi kuliko za yule wakala.

Hadithi ilikuwa hivi. Kuna mwanamke anayeshona nguo katika jumba la mfalme. Mtoto wa mfalme anakufa ghafla akiwa amevaa joho alilolishona yeye. Ofisa anatumwa achunguze nani ameua. Ofisa anampenda mshonaji, na mshonaji ndiye anayeshukiwa kwanza. Hiyo tu. Lakini waliivuta hiyo tu kama mpira wa baiskeli.

Hajja alikuwa anagombana nayo. "Huyu ofisa ni punda," anasema. "Si amuulize mpishi!"

"Bibi, chakula kilionjwa kwanza."

"Na nani? Na mwanamume. Mwanamume anaonja nini?"

Miezi ilipita nikiendesha na kunyamaza. Siku moja tuko chini ya daraja, magari yamesimama, hajja anasema ni mke mdogo wa mfalme, binti anasema ni waziri, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Ni daktari."

Dereva hasikii, hiyo ndiyo sheria. Nikashika usukani nikangoja kufukuzwa.

"Kumbe sawagi ana masikio," hajja akasema. Sawagi ni dereva. "Kwa nini daktari?"

"Hajja, alifika kabla hajaitwa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wallahi! Alifika kabla hajaitwa! Na wewe msichana unasoma, hukuliona hilo?" Tangu siku hiyo, kila kipindi kikiisha, hajja anagonga mgongo wa kiti changu. "Haya, sawagi. Toa hukumu."

Mke wangu alikuwa anaruhusiwa simu Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Sitadanganya kwamba tulikuwa tunaongea kama vijana. Tuliulizana karo. Tuliulizana ng'ombe. Tukimaliza ng'ombe, tunasikiliza pumzi, halafu anasema madam ananiita. Nilikuwa nakata simu naenda kuosha gari, na gari lilikuwa safi.

Ijumaa moja, kwa kukosa neno, nikamwambia habari ya mshonaji. Akasema, "Ee! Wale wa nywele za kusukwa kama mkate? Si madam wangu anautazama huo!"

Yeye alikuwa anapiga pasi sebuleni madam akitazama. Sauti ilikuwa chini kwa sababu ya mtoto mchanga, na maandishi hakuyajua. Kwa hiyo alikuwa ameuona mchezo wote na hajui hata neno moja. Mimi nilikuwa nimeusikia na sijaona hata sura moja. Tukaanza kuupanga pamoja. Yeye ananiambia nani alikuwa amesimama wapi, amevaa nini, ameangalia nani. Mimi namwambia walisema nini.

"Jana walikuwa na harusi," alisema mara moja. "Wote wamevaa nyeupe."

"Harusi gani mama, na wanalia vile? Binti amesoma jeneza."

"Jeneza? Na nyeupe yote hiyo?"

"Pengine kwao ndivyo."

"Basi hata mimi nilishangaa bibi harusi ni mzee hivyo."

Nilicheka. Sikumbuki kama alicheka. Yeye hakukubali kwamba ni daktari. Alisema ni yule ndugu mdogo wa mfalme, kwa sababu anacheka kwa meno na macho yametulia. Nikamwambia huwezi kumfunga mtu kwa meno. Akasema, "Ungekuwa unamwona, ungemfunga." Tukabishana Ijumaa nyingi. Karo na ng'ombe vikawa vya dakika ya mwisho.

Halafu mtu wa kwetu, dereva wa makontena katika Bandari ya Jeddah, akanipigia kwamba kampuni yao inatafuta watu wa lori wenye mikono. Nilichohitaji ni kafili wangu kuniachilia. Na mke wangu akasema neno lake wazi: "Mkataba wangu unaisha baada ya Idi ya kuchinja. Madam anataka nisaini mwingine wa miaka miwili. Ukifika Jeddah nitasaini. Usipofika naenda nyumbani. Sitakaa hapa miaka mingine kuongea na simu."

Nikaenda kwa baba. Baba hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Mimi sina neno. Muulize hajja, wewe ni dereva wake."

Nikamuuliza hajja ndani ya gari, nikiangalia mbele. Akasema, "Ngoja kwanza huu mchezo uishe. Ukiisha, nitamwambia mwanangu akuachilie."

Mimi nimeuza magunia ya mahindi tangu nikiwa kijana. Mtu akisema kitu kikiisha, basi kikiisha. Nikasema, "Nimesikia, hajja," nikalishika lile neno.

Lakini mchezo haukuisha. Ofisa alifungwa, akatoroka, akapoteza kumbukumbu, akaipata. Kisha hajja akaanza kusema, "Rudisha nyuma, sikusikia vizuri." Wiki mbili tunasikiliza kipindi kimoja. Idi inakuja. Mimi naendesha.

Yule binti akaposwa na mtu wa Jeddah, na harusi ikapangwa huko. Familia yote wangepanda ndege, isipokuwa hajja, ambaye alisema ndege inamjaza maji masikioni. Ikaamuliwa nimpeleke kwa gari mara tu akitoka kwenye mashine, na aunganishwe na mashine ya kule akifika. Yaani ningefika Jeddah kwa idhini ya kila mtu.

Nikampigia mke wangu aombe ruhusa nimwone. Madam wake akasema, "Nitajuaje ni mumeo? Nionyeshe cheti."

Cheti hatukuwa nacho. Sisi tulioana kwa ng'ombe. Nilipeleka ng'ombe, nikapeleka mbuzi, nikapeleka blanketi la mamake na koti la babake, watu wakala, ikaisha. Nani angewaza kwamba siku moja utaambiwa umthibitishie mtu wa ng'ambo kwamba mke wako ni wako? Ikama yangu na ikama yake, hivyo vibali vya kukaa, hakuna chenye jina la mwenzake. Kwa karatasi, mimi na mama watoto hatujuani.

Hajja alinisikia nikiongea na simu gari likiwa limesimama kituo cha petroli.

"Kuna nini?"

Nikamweleza.

"Ulitoa mahari?"

"Ng'ombe, hajja."

"Babake aliridhika?"

"Alinywa siku mbili."

"Astaghfirullah. Mashahidi walikuwepo?"

"Kijiji kizima."

"Basi hiyo ni ndoa. Huyo mwanamke anataka nini tena? Mpigie. Nipe simu."

Alimwamkia yule madam wa Jeddah kwa salamu ndefu. Akamuuliza ni binti wa nani, babu yake alitoka wapi, mtoto ananyonya vizuri, afya ya mama mkwe. Alipomaliza, yule mwanamke hakuwa na nafasi ya kukataa kitu. Hajja akasema yeye mwenyewe atakuja na dereva wake kunywa kahawa, siku ya pili ya harusi baada ya sala ya alasiri, na atakaa katikati.

Na kweli alikaa katikati. Sebule ilikuwa na makochi ya kuzunguka ukuta. Hajja akakaa kwenye kochi la mbele, madam wa kule kando yake na mtoto begani, nami nikawekwa upande wa mlango, televisheni iko nyuma yangu. Mlango wa jikoni ukafunguka na mke wangu akaingia na sinia.

Alinimiminia kahawa kama mgeni. Nikapokea kwa mkono wa kulia. Kisha akakaa kwenye zulia karibu na miguu ya hajja, mikono mapajani. Nilikuwa nimengoja hiyo saa tangu nitoke nyumbani, na ilipofika nilikuwa kama mguu uliokaliwa. Najua ni wangu, lakini nikiubonyeza hausikii.

"Umekonda," nikasema.

"Wewe umenenepa. Unakaa tu."

"Nakaa kwenye gari."

"Ndiyo nasema."

"Anasema nini?" hajja akauliza.

"Anasema nimenenepa."

Hajja akapiga goti. "Kweli! Alikuja kwangu kama mswaki. Mwambie ni wali wa nyumbani kwangu."

Nikampa viatu. Aliviangalia, akavua kandambili, akajaribu kimoja. Hakikuingia. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa kusimama. Akaviweka pembeni akasema, "Nitampa msichana." Msichana ni binti yetu aliyebaki nyumbani.

Televisheni ilikuwa imewashwa bila sauti, na macho yake yalikuwa yanapita juu ya bega langu. Hakuwa ananiangalia mimi. Nikageuka, mara yangu ya kwanza kuwaona wale watu. Watu wadogo, kofia nyeusi, wamesimama kwenye theluji. Nikageuka tena mbele.

"Wamefika wapi?" nikauliza, kwa kuwa sikuwa na swali lingine.

"Mzee," akasema, "mimi huu mchezo niliumaliza zamani."

"Vipi?"

"Madam haungoji kila wiki. Aliupata wote, akautazama mpaka mwisho. Sasa anaurudia. Nilijua nani aliua tangu kabla ya mfungo."

"Na Ijumaa zote zile tunabishana?"

"Tungeongea nini?"

Akaendelea, taratibu, kama anahesabu nguo za kufua. "Karatasi yako ya kuachiliwa iko wapi?"

"Hajja amesema mchezo ukiisha."

"Na utaisha lini?"

"Kwa vile anavyorudisha nyuma, sijui."

"Idi ni hii hapa."

"Basi niambie mwisho."

"Wa nini?"

"Niambie. Nani aliua?"

Akaniambia. Hakuwa daktari. Hakuwa ndugu wa mfalme wala meno yake. Alikuwa mkuu wa yule ofisa, yule yule aliyemtuma akachunguze. Mshonaji aliliona doa la sumu kwenye mkono wa joho la huyo mkubwa, akanyamaza kumlinda ofisa wake, na mwisho ofisa akauawa mbele ya lango naye mshonaji akazeeka akishona.

Nikaweka kikombe chini. Nikamgeukia hajja nikamwambia kwa Kiarabu changu, yote, kuanzia doa hadi lango. Nikamaliza hivi: "Hajja, hadithi imeisha. Uliahidi."

Mimi niliona nimefanya jambo la akili. Neno lilikuwa limesemwa, nami nililitimiza mbele ya mashahidi wawili. Hajja alinitazama kwa yale macho yake yasiyoona vizuri. Madam wa kule akaziba mdomo kwa mkono. Mtoto akacheua.

"Nani alikuomba?" hajja akasema.

"Hajja, ulisema ukiisha..."

"Nimesema nani alikuomba?" Akatafuta fimbo yake. "Yalla. Nirudishe."

Mke wangu alisimama akakusanya vikombe. Alipopita karibu nami alisema kwa sauti ya chini, "Wewe mwanamume, mtu akikwambia ngoja mchezo uishe, unafikiri ni mchezo anaongelea?" Akaingia jikoni. Hatukuagana zaidi ya hapo.

Njia yote ya kurudi Riyadh tableti ilikaa ndani ya mfuko. Binti alikuwa amebaki kwa mume wake. Hajja aliweka Kurani kwenye redio na hakugonga kiti. Siku za hospitali tulikwenda hivyo hivyo, wiki baada ya wiki. Nilikuwa nasikia injini. Nilikuwa nimezoea kutokusikia injini.

Sikumwomba msamaha. Nilikuwa nimeshika neno lake tu, na hata leo naona hivyo. Lakini nilielewa baadaye, kwa kule kunyamaza, kwamba yule mama hakuwa anangoja kujua nani aliua. Alikuwa na safari tatu kwa wiki za kwenda kwenye sindano, na ndani ya safari hizo alikuwa na watu wawili wa kugombana nao. Mmoja aliolewa. Mwingine alikuwa mimi.

Idi ikafika, ikapita. Mke wangu hakusaini. Nilimwambia nitapata karatasi, ngoja kidogo. Akasema kule hakuna kidogo, ni kusaini miaka miwili au ni ndege. Nikamwambia basi chagua. Akasema, "Nimechagua." Aliondoka Jeddah siku ya kazi, mimi nikiwa nje ya hospitali nimekaa garini. Alinitumia ujumbe wa sauti kutoka uwanja wa ndege, na watu wengi walikuwa wanaongea nyuma yake. Alisema, "Mzee, ndiyo napanda." Niliusikiliza mara moja. Hajja akatoka, nikafungua mlango, nikamsaidia kupanda.

Kama wiki mbili baadaye, tuko kwenye foleni, akazima redio.

"Sawagi. Bado unataka Jeddah?"

"Nataka."

"Mkeo si ameondoka?"

"Ameondoka."

"Sasa unataka Jeddah ya nini?"

Nikafikiri. Ningeweza kusema mengi. "Lori," nikasema. "Mimi ni mtu wa lori, hajja. Na mshahara ni mzuri."

Taa zilibadilika mara mbili. "Halas," akasema. "Nitamwambia mwanangu." Baba akabonyeza ruhusa kwenye simu yake siku hiyo hiyo mbele yangu, na ikawa imekwisha, kitu nilichokilia tangu nifike nchini kilimalizwa na kidole kimoja. Hajja hakutoka kuniaga. Alimtuma msichana wa kazi aniletee tende kwenye mfuko wa plastiki.

Nilipanda basi mtaa wa Batha, kule kule Riyadh, katikati ya Wabangladeshi na mizigo yao. Nilifanya kazi bandarini miaka mingi kuliko niliyofanya Riyadh, na nyumba za kupangisha ninazokula kodi zake leo zilitoka pale, si kwa wakala wala kwa mtu aliyesoma. Hilo nalisema kifua mbele.

Siku niliyofika, baada ya kuonyeshwa kitanda, nilitoka nje ya kambi nikasimama kwenye kivuli cha ukuta nikampigia mke wangu.

"Nimefika Jeddah," nikasema.

Nilisikia kuku. Nilisikia mtu anachota maji.

"Kuna joto huko," akasema.

"Kuna joto."

"Unywe maji."

"Nitakunywa."

Akasema maharagwe yako kwenye turubai na mawingu yamejikusanya, ayaanue kwanza. Nikasema sawa, anua.